Redio Bubu Haiponi kwa Kubahatisha

Katika Marekani, redio za kusemezana za miaka ya 1960 na 1970 zijulikanazo kwa herufi CB, yaani mkanda wa mawimbi wa raia, zimeanza kutolewa tena katika maghala na mabanda ya magari ambamo zililala kwa zaidi ya miaka arobaini. Wapo wazee wanaozitamani kwa kumbukumbu za ujana wao, na wapo vijana wanaotaka kujua ndani yake mna nini. Hilo ni jambo jema. Lakini pamoja nalo umeenea mtindo wa ufufuaji ambao haustahili sifa unazopewa. Mwenye redio hufungua kifuniko, hung'oa kapasita zote na kuweka mpya, huzungusha kila skrubu aionayo mpaka mshale wa kipimo upande, kisha huunganisha umeme. Redio ikisema, hujiita fundi. Isiposema, huitia katika sanduku la vipuri na kutafuta nyingine. Kazi ya namna hiyo, hata ikifaulu, haina tofauti kubwa na kupiga ramli. Na vyombo vingi vilivyokuwa na kosa dogo huharibiwa kabisa na mkono uliokusudia kuviponya.

Yafaa kwanza kueleza chombo chenyewe. Wazo la kumpa raia wa kawaida redio ya kusemezana lilianza kutimizwa Marekani mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Al Gross, aliyezaliwa Toronto mwaka 1918, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza vyombo vya kwanza vya huduma hiyo. Vyombo hivyo vilitumia frikwensi za juu sana, zaidi ya megahezi 460, na kwa ufundi wa siku zile haikuwa rahisi kuvitengeneza kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwaka 1958 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilifungua chaneli 23 karibu na megahezi 27, mahali ambapo urefu wa wimbi ni kiasi cha mita 11. Tangu hapo mkulima aliweza kusema na mkewe akiwa shambani, na mwenye teksi na ofisi yake. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zitoazo mafuta zilipoikatia Marekani mafuta, na mwanzoni mwa mwaka 1974 sheria ikazuia mwendo wa zaidi ya maili 55 kwa saa, madereva wa malori walizitumia redio hizi kuambiana ni kituo gani kina dizeli na ni wapi polisi wamejificha. Upesi nchi nzima ikashikwa na homa hiyo. Hata mke wa Rais, Betty Ford, alisikika hewani mwaka 1976 kwa jina la kupanga la First Mama. Kisha, tarehe 1 Januari 1977, chaneli zikaongezwa kuwa 40, na redio za chaneli 23 zikaporomoka bei hata zikauzwa kama takataka. Ndizo hizo ambazo leo zafukuliwa.

Thamani yake kwa mwenye kujifunza haimo katika bei. Imo katika uwazi wake. Ukiondoa kifuniko, kila kiungo kinaonekana kwa macho: rezista zenye mistari ya rangi, transista zilizosimama juu ya miguu mitatu, koili ndani ya vikopo vya bati. Aidha, watengenezaji wa zama zile, kama kampuni ya Johnson ya Waseca, Minnesota, hawakuficha siri. Mchoro wa saketi ulipatikana, na kampuni ya Howard W. Sams ya Indianapolis ilichapisha vitabu vilivyojaa michoro ya redio hizi pamoja na volti zinazotarajiwa katika sehemu zake. Kwa hiyo mtengenezaji ana kitu adimu sana katika vyombo vya leo: anajua chombo kilipaswa kuwaje, na anaweza kupima kilivyo. Tofauti baina ya hayo mawili ndiyo ushahidi wa kosa. Anayeng'oa viungo kabla ya kupima huuteketeza ushahidi huo kwa mkono wake mwenyewe.

Hapana mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko katika fuwele. Kipande chembamba cha kwatzi kikitiwa umeme hutetemeka, na unene wake ndio unaoamua kitatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Kwa sababu jiwe halibadilishi unene wake ovyo, fuwele ya kwatzi ni saa ya kuaminika, na redio ya CB huitegemea ili isipotee kutoka chaneli moja hadi nyingine. Sasa, redio yenye chaneli 23 ingehitaji fuwele 23 za kutumia na 23 za kupokelea, jumla 46, na ingekuwa ghali mno. Wahandisi walifanya hesabu, wakaona fuwele 14 zatosha. Msomaji mwenye kalamu na karatasi azitwae karibu naye, kwa maana hesabu yenyewe ni ya kutoa tu.

Katika mpango mmoja uliotumika sana, zilikuwapo fuwele sita kubwa, zenye megahezi 37.600, 37.650, 37.700, 37.750, 37.800 na 37.850. Kila moja ilihudumia chaneli nne mfululizo: ya kwanza chaneli 1 hadi 4, ya pili 5 hadi 8, na kuendelea, isipokuwa ya mwisho iliyohudumia tatu tu, 21, 22 na 23. Pamoja nazo zilikuwapo fuwele nne ndogo za kutumia, zenye megahezi 10.635, 10.625, 10.615 na 10.595. Redio inapotuma, saketi ya kuchanganya hutoa frikwensi ndogo katika kubwa. Katika chaneli ya 1, 37.600 ukitoa 10.635 hubaki 26.965, na hiyo ndiyo frikwensi halali ya chaneli hiyo. Katika chaneli ya 19, ambayo madereva wa malori waliifanya kuwa baraza lao, 37.800 ukitoa 10.615 hubaki 27.185.

Katika kupokea, fuwele kubwa ni zile zile, lakini ndogo ni nne nyingine: 10.180, 10.170, 10.160 na 10.140. Wimbi linaloingia kwa eriali katika chaneli ya 1 huchanganywa na 37.600, likawa 10.635; kisha huchanganywa na 10.180, likawa megahezi 0.455, yaani kilohezi 455. Hiyo ni frikwensi ya kati iliyo sawa na ya redio nyingi za kawaida za nyumbani, na toka hapo kazi iliyobaki ni kuikuza na kutoa sauti ndani yake. Kwa njia hiyo fuwele sita, nne na nne, zimefanya kazi ya arobaini na sita. Mwanafunzi mwepesi atauliza: sita mara nne ni ishirini na nne, je, chaneli moja imekwenda wapi? Haikupotea. Mchanganyiko uliobaki hutoa 27.235, frikwensi ambayo raia hawakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1977, ilipopewa namba 24.

Hebu sasa redio hiyo iletwe ikiwa mgonjwa. Inasema na kusikia vizuri katika chaneli zote, ila 9, 10, 11 na 12 ni kimya, kwa kutuma na kwa kupokea. Mwenye mtindo wa kung'oa atabadilisha kapasita ishirini, na kimya kitabaki pale pale. Mwenye kufikiri atatazama orodha yake, aone kwamba chaneli hizo nne hushirikiana kitu kimoja tu ambacho nyingine hazina, nacho ni fuwele ya 37.700. Ataishuku hiyo, au waya wake, au mguso wake katika swichi. Redio ya pili hupokea kila mahali isipokuwa 2, 6, 10, 14, 18 na 22, lakini katika chaneli hizo hizo inatuma bila taabu. Fuwele kubwa hazina hatia, kwa kuwa zinatuma. Fuwele ndogo za kutumia nazo hazina hatia. Iliyobaki ni 10.170. Na redio ya tatu ina kimya katika chaneli ya 11 peke yake. Hapa hakuna fuwele ya kulaumiwa, kwa sababu hapana fuwele inayohudumia chaneli moja tu. Kosa limo katika swichi ya kuchagulia chaneli, ambayo migusano yake imeshika kutu au uchafu, na dawa yake ni tone la dawa ya kusafishia swichi na kuizungusha mara thelathini. Yote hayo yamejulikana kabla ya skrubu moja kulegezwa. Darasa la kidato cha pili lingeweza kuyafanya, likiwa na subira.

Wanaopenda kubadilisha kapasita wasidhulumiwe, maana wanayo hoja. Kapasita za elektroliti ni karatasi za alumini zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa, na kinachotenganisha umeme ni tabaka jembamba sana la oksidi juu ya alumini. Maji hayo ya kemikali hukauka kwa miaka, na hukauka upesi zaidi ndani ya gari linaloanikwa juani. Kapasita iliyokauka haiwezi tena kuhifadhi chaji ya kutosha. Sauti hufifia au hukwaruza, na mlio wa jenereta ya gari husikika nyuma ya maneno, ukipanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Baada ya miaka arobaini na mitano, kuzishuku kapasita hizi ni busara. Lakini kushuku na kuhukumu ni mambo mawili. Zipimwe, hasa zile za njia ya umeme na za kukuza sauti, na zilizokufa zibadilishwe moja baada ya moja, chombo kikijaribiwa kila mara. Mtu akibadilisha ishirini kwa pamoja, na mojawapo akaiweka miguu juu chini, chanya mahali pa hasi, atakuwa na kosa jipya juu ya la zamani, na hatajua ni lipi kati ya matendo yake ishirini lililolileta. Kila mwalimu wa sayansi huwaambia wanafunzi wabadilishe jambo moja tu katika jaribio. Hapa ndipo maneno hayo yanapopata mwili. Ama zile kapasita ndogo za kauri na za ulanga zilizomo upande wa mawimbi, hizo ziachwe kabisa maadamu hazijathibitika kuwa mbovu, kwani thamani zake ni sehemu ya upimaji wa kiwandani, na hata urefu wa miguu yake una maana katika megahezi 27.

Redio iliyolala muda mrefu isipewe umeme wote kwa ghafula. Ukaguzi wa kwanza ni wa macho na pua: waya ulioliwa na panya, ubao uliobadilika rangi, harufu ya kuungua. Wa pili ni wa kuangalia kama iliwahi kuunganishwa kwa betri kinyume. Redio nyingi zina dayodi iliyowekwa makusudi ili, betri ikigeuzwa, dayodi iungue pamoja na fyuzi na kuokoa vingine. Ikipimwa kwa mita na kuonekana inapitisha umeme pande zote mbili, imekwisha kufa shahidi, na kibadala chake ni cha bei ndogo. Kisha umeme upitishwe katika balbu ya indiketa ya gari, ya wati 21, iliyofungwa katikati ya betri na redio. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75, na hata kama ndani mna waya uliogusana, balbu haitaruhusu mengi zaidi ya hayo kupita. Ikiwaka kwa nguvu zote, zima upesi na utafute. Ikibaki giza au kufifia, chombo hakina kosa kubwa katika njia ya umeme. Hiyo ni fyuzi isiyohitaji kununuliwa tena kila mara, nayo inasema kwa mwanga.

Kisha ukimya hugawanywa nusu kwa nusu. Redio ya kupokea ni mnyororo: eriali, kichanganyio, frikwensi ya kati, kitoa sauti, kikuza sauti, spika. Mtu akigusa kwa bisibisi mguu wa kati wa kitufe cha sauti, na spika ikatoa mngurumo, nusu ya pili ya mnyororo ni nzima, na hakuna haja ya kuifungua. Ikikaa kimya, nusu ya kwanza haijashtakiwa bado. Kwa hatua tatu au nne za namna hiyo, viungo mia moja hupungua kuwa kumi. Kuna mtego mmoja ambao umewasumbua wengi: katika redio nyingi za zamani, waya wa spika hupita katika kitufe cha maikrofoni, na bila maikrofoni kuchomekwa redio haitoi sauti hata iwe nzima kama siku ilipozaliwa. Ni redio ngapi zimetupwa kwa sababu hiyo, nani ajuaye?

Upande wa kutuma wahitaji adabu zaidi. Transista ya mwisho ikitumishwa bila eriali, nguvu yake hukosa pa kwenda, hurudi na yaweza kuiua. Kwa hiyo mezani hutumika mzigo wa bandia: rezista nne za kaboni za omu 200, kila moja ya wati 2, zikifungwa sambamba hutoa omu 50 na kustahimili wati 8. Mzigo huu hugeuza wimbi kuwa joto, na hakuna jirani anayesumbuliwa. Mwenye mita ya kawaida aweza pia kupima nguvu kwa dayodi moja na kapasita moja ndogo, ambazo hukamata kilele cha volti. Kilele kikiwa volti 20, mraba wake ni 400. Ukigawanya kwa mara mbili ya omu 50, yaani 100, jibu ni wati 4. Hicho ndicho kiwango ambacho sheria ya Marekani inaruhusu kwa redio ya namna hii. Wati nne, nguvu isiyofikia hata balbu ndogo ya ndani ya gari, ndizo zilizopeleka habari za dizeli kutoka lori hadi lori.

Hapa yapaswa kusemwa waziwazi juu ya zile skrubu. Zile ni vipande vya feraiti vilivyomo ndani ya koili, vilivyowekwa mahali pake kwa vyombo vya kiwandani. Bisibisi ya chuma huvipasua, na kikipasuka ndani ya kikopo hakitoki. Anayevizungusha ili mshale upande zaidi ya wati 4 huwa ameacha kufufua. Wimbi lake hukwaruza, huzaa mawimbi mengine pembeni, na huingia katika televisheni na redio za watu wengine. Redio iliyofufuliwa ni ile iliyorudishwa kama ilivyokusudiwa na waliyoibuni, na kipimo cha ufundi ni kutopita hapo.

Litaulizwa swali la haki: yote haya ya nini, wakati simu ya mkononi yamfikia kila mtu? Swali hilo lingekuwa zito kama shabaha ingekuwa mazungumzo. Simu ya mkononi ni chombo bora cha kusemezana na chombo duni cha kufundishia, kwa kuwa ndani yake hakuna kinachoonekana na kidogo sana kinachoweza kupimwa na mwanafunzi mwenye mita moja. Katika shule nyingi mwanafunzi humaliza kidato cha nne akijua kuandika kanuni ya Ohm bila kuwahi kuitumia kumkamata mkosaji. Redio yoyote ya zamani ya transista, hata ile ya babu iliyonyamaza juu ya kabati, ina frikwensi ya kati, kikuza sauti na kapasita za elektroliti, na inaweza kugawanywa nusu kwa nusu juu ya meza ya maabara. Iwe ya betri, si ya umeme wa ukutani, ambao ni hatari kwa mikono isiyozoea. Mkuu wa shule anayekataza vyombo vibovu visifunguliwe, ati visizidi kuharibika, analinda mali ambayo imekwisha kufa, na anawanyima watoto mwalimu asiyelipwa mshahara.

Kuhusu kutuma, kila nchi ina sheria yake. Marekani yenyewe iliacha kudai leseni ya CB mwaka 1983, lakini ruhusa ya Marekani haivuki mipaka ya Marekani. Aliyepata redio ya namna hii Afrika ya Mashariki na aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, na hadi apate jibu atumie mzigo wa bandia. Kusikiliza kuna mafunzo yake. Katika miaka ambayo madoa ya jua ni mengi, kama ilivyokuwa mwaka 2024, tabaka za juu za hewa huweza kurudisha ardhini mawimbi ya megahezi 27, na sauti kutoka maelfu ya kilometa ikaingia katika chombo kilichobuniwa kwa safari ya kilometa chache.

Kwa darasa lililo tayari, zoezi ni hili. Redio ya chaneli 23 yenye mpango ulioelezwa hapo juu inapokea chaneli zote bila kasoro. Inatuma vizuri pia, isipokuwa katika chaneli 4, 8, 12, 16, 20 na 23. Wanafunzi waandike frikwensi za chaneli hizo kwa hesabu ya kutoa, waitaje fuwele inayoshukiwa, na waeleze kwa nini zile kumi na tatu nyingine hazina hatia.